Waajemi wa kale tunawajua kwa kinywa cha nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Nilipokuwa nikifundisha vita vya Waajemi na Wayunani (Wagiriki), mwanafunzi mmoja aliniuliza hivi: ikiwa habari za vita hivyo ziliandikwa na Wayunani, ambao ndio walioshinda, tutajuaje kama Waajemi walikuwa hivyo kweli? Je, wao wenyewe hawakuandika chochote? Na zile hesabu za jeshi la Xerxes, mfalme wa Waajemi, kuzidi watu milioni moja na nusu, zina ukweli?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe. Masimulizi ya Marathon mwaka 490 KK, ya Salamis mwaka 480 KK na ya Plataia mwaka uliofuata tumeyapata kutoka upande mmoja tu, na yaliyo marefu kuliko yote ni ya Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, mzaliwa wa Halikarnassos, mji ambao leo ni Bodrum nchini Uturuki. Kwa upande wa Waajemi hakuna kitabu cha historia kilichotufikia. Hata hivyo si kweli kwamba hawakuandika. Waliandika sana, tena kila siku, ila walichokiandika ni mambo ya makarani: nani kapewa nini, kiasi gani, kutoka ghala lipi na kwa idhini ya nani.

Mwaka 1933 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Ernst Herzfeld, walikuta ndani ya kuta za ngome ya Persepolis, kusini mwa Iran, maelfu ya vibao vya udongo. Vingi ni vidogo, vinaenea kiganjani. Udongo mbichi ulifinyangwa kuuzunguka uzi, karani akaandika kwa mwandiko wa kikabari, kisha mhusika akabingirisha muhuri wake juu yake. Lugha iliyotumika kwa sehemu kubwa ni Kielamu, kwa kuwa mabwana wa Kiajemi waliona hakuna haja ya kubadili lugha ya ofisi waliyoikuta kwa majirani zao. Vibao hivyo ni vya miaka ya 509 hadi 493 KK, wakati wa mfalme Dario, na mwaka 1969 mtaalamu Richard Hallock alichapisha tafsiri za zaidi ya 2,000 kati yake.

Ni stakabadhi za ghala, na ukizisoma kwa haraka utachoka. Ukizisoma polepole utaona watu. Parnaka, aliyekuwa mkuu wa shughuli zote za posho, alipewa kwa siku moja kondoo 2, divai lita 90 na unga lita 180, kiasi ambacho bila shaka kililisha kundi zima lililomzunguka na si tumbo lake peke yake. Mwanamke mfanyakazi aliyejifungua mtoto wa kiume alipata posho ya ziada maradufu ya yule aliyejifungua wa kike. Msafiri wa serikali alibeba hati yenye muhuri, na kila kituo alichofika njiani kilimpa chakula kwa kipimo kilichoandikwa humo, nacho kikabaki na kibao cha kumbukumbu.

Hapo ndipo tunapoweza kumpima Herodotus. Yeye anasema kwamba Dario alimpenda Artystone, binti Koreshi, kuliko wake zake wengine wote. Katika vibao vya Persepolis tunakutana na bibi wa ukoo wa kifalme aitwaye Irtashduna, ambalo ni jina hilohilo katika matamshi ya Kielamu, na mfalme mwenyewe anamwagiza Parnaka ampatie kondoo 100. Kibao kingine kinampa divai kadiri ya lita 2,000. Stakabadhi haina safu ya mapenzi, lakini idadi ya kondoo inatosha kutuonyesha kwamba Herodotus hakuwa akibuni.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Mapema mwaka 494 KK, wakati miji ya Wayunani wa Ionia, pwani ya Asia, ilipokuwa katika uasi dhidi ya Dario, kibao kimoja kinamtaja mtu aitwaye Datiya, aliyekuwa akisafiri kwa mbio kutoka Sardis, mji ulio katika Uturuki ya leo, kwenda kwa mfalme akiwa na hati yenye muhuri, naye akapewa bia takriban lita 70. Posho ya namna hiyo hapewi tarishi wa kawaida. Wanahistoria wengi wanamtambua kuwa ndiye Datis, yule ambaye miaka minne baadaye aliliongoza jeshi la Waajemi mpaka ufukwe wa Marathon. Kwa Wayunani yeye ni adui anayeshuka melini. Kwa karani wa ghala ni ofisa aliyefika na kiu, na hesabu yake lazima ifungwe.

Maandishi ya kifalme nayo yapo, ingawa ni machache. Kubwa ni lile la Behistun, karibu na Kermanshah, ambalo Dario alilichonga juu mwambani kwa lugha tatu, yaani Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli, akieleza jinsi alivyotwaa ufalme na kuwashinda wafalme tisa katika vita 19. Ni tangazo la mshindi, kwa hiyo lisomwe kwa tahadhari ileile tunayoitumia kwa Herodotus. Katika wenzake sita waliomuunga mkono siku ya mapinduzi, Herodotus, aliyeandika kiasi cha miaka 80 baadaye, amewapatia watano na kukosea mmoja tu. Kwa mtu asiyesoma Kiajemi, si haba.

Kwenye hesabu za jeshi mambo ni tofauti kabisa. Herodotus anadai kwamba huko Doriskos watu 10,000 walisongamanishwa pamoja, ukachorwa mstari kuwazunguka na ukuta ukajengwa juu ya mstari huo, kisha boma hilo likajazwa watu mara 170, ndipo ikapatikana jumla ya askari wa miguu 1,700,000. Ukichukua posho ya chini kabisa ya lita moja ya unga kwa mtu, jeshi hilo lingekula takriban tani 1,000 kila siku, ambazo leo ni malori mia moja ya tani kumi. Wao walikuwa na ngamia, nyumbu na vyombo vya baharini. Ndiyo maana wanahistoria wengi wa sasa hawavuki laki mbili au tatu, na wapo wanaoshusha zaidi ya hapo. Waambie wanafunzi wapige hesabu hiyo wenyewe ubaoni kabla hujawapa jibu.

Kwa hiyo, mwalimu, gawa maswali kulingana na vyanzo. Ukitaka kujua dola ililishaje watu wake na barabara zake ziliendeshwaje, waulize Waajemi. Ukitaka mwenendo wa vita, huna budi kumsikiliza Herodotus, kwa maana vibao vinakoma kabla ya Marathon, na hata vingefika huko visingesimulia pambano, vingetaja shayiri.

Mwambie pia mwanafunzi wako kwamba majina tunayoyatumia yenyewe yana upande. “Yunani” imetujia kupitia Kiarabu kutokana na Ionia, nchi ya Wagiriki wa pwani ya Asia, ambao Waajemi waliwaita Yauna na kulifanya jina hilo kuwa la Wagiriki wote. “Ajemi” nalo ni la Kiarabu, na lilimaanisha mtu ambaye usemi wake haueleweki, sawasawa na lile neno “barbaros” ambalo Wagiriki waliwapachika wageni, Waajemi wakiwa mstari wa mbele.

Na katika maelfu ya vibao vya Persepolis kimo kimoja kilichoandikwa kwa Kigiriki. Kinasema tu: divai, maris mbili, Tebet. Maris ni kipimo cha huko Uajemi na Tebet ni mwezi wa Kibabeli. Ni neno la divai na hesabu yake tu ndivyo vya Kigiriki.