Barua kwa mwanangu aliyehamia Tandika

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema huu ni mwezi wa pili uko Tandika, salamu wanaitikia vizuri, lakini hakuna anayekubishia hodi, na juzi msiba wa nyumba ya tatu umekuja kuusikia watu wameshazika. Unauliza kama wamekuchukia. Hawajakuchukia, mama. Hawajakujua tu, na mtu wasiyemjua wanaona haya kumwita.

Anza na mjumbe, yule ambaye wazee bado wanamwita balozi wa nyumba kumi, jina la tangu enzi za TANU. Usiende peke yako, mwombe mwenye nyumba akupeleke, ili ujulikane wewe ni mgeni wa nani. Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa na nakala ya kitambulisho cha NIDA na mkataba wako wa pango, uandikwe. Siku utakayohitaji barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti au kumwekea mtu dhamana, hutaanza kuulizwa unakaa nyumba gani. Mjumbe mwachie namba ya simu, na umuulize mchango wa msiba hapo kwenu ni kiasi gani kwa kila nyumba, na daftari anashika nani. Akisikia mgeni anauliza hilo, atakukumbuka.

Maana msiba ndio mlango wenyewe. Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hiyo anayesubiri kuarifiwa hukuta wanaume wamesharudi makaburini. Ukiona turubai linafungwa na viti vya plastiki vinashushwa, jifunge kanga, ya pili jitande, uende. Hereni na bangili ziache nyumbani. Vua viatu, toa pole kwa sauti ya chini, keti mkekani na wenzio kama dakika kumi, simu iwe imezimwa. Halafu inuka uende uani, huko ndiko watu watakakokutazama. Usingoje kupangiwa. Chukua kisu umenye vitunguu, au vuta ungo uchambue mchele. Ukikuta kila kazi ina mwenyewe, nenda kwenye masufuria, hayo hayagombewi. Sufuria la wali lenye ukoko usilivamie kwa kulikwangua: mimina maji ya moto, lifunike robo saa, ndipo ulisugue kwa majivu, ukoko utatoka wenyewe. Wanawake watakaokuona umeinamia sufuria hilo ndio watakaouliza jina lako.

Mchango mpe anayeandika, uone jina lako limeingia. Kutuma kwa simu kunafaa ukiwa safarini tu.

Najua kazi inakutoa alfajiri na kukurudisha usiku. Mtaa huyasoma hayo kama maringo, kwa sababu wanaona kufuli tu. Mwambie jirani wa chumba cha pili saa zako za kutoka na kurudi, na unafanya kazi gani. Yeye atawaambia wengine. Msiba ukikupita mchana, nenda hata saa tatu usiku. Matanga kwa kawaida ni siku tatu, hutakosa nafasi.

Hapo nyumbani mnapochangia LUKU moja ya umeme, ugomvi hautachelewa. Kugawa sawa kwa sawa kunamuumiza mwenye taa moja na kumpendelea mwenye friji. Kama friji ni lako, litaje mwenyewe uongeze kabla hujasemwa. Zamu ya kufagia uwanja na kuosha choo ifanye kwa mkono wako, angalau miezi ya mwanzo, hata kama una hela ya kumlipa mtu. Na ukisikia maneno ya mpangaji mmoja juu ya mwingine, yaishie kwako. Mgeni akishabeba neno moja, yote yatakayovuja baadaye atasingiziwa yeye.

Mchezo wa kinamama, ule wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, usiukimbilie. Watakuita wenyewe, pengine baada ya miezi sita. Tuseme mko kumi, kila mmoja elfu ishirini kwa wiki, fungu ni laki mbili: omba zamu ya nane au ya tisa. Wanachoogopa kwa mpangaji ni apokee wiki ya pili kisha ahame. Ukitoa wiki saba bila kuchelewa, mzunguko unaofuata hawatakuwa na wasiwasi nawe.

Sahani ya futari ikija kwako, usiirudishe tupu wala usiikalie wiki nzima. Ioshe, tia vitumbua vitatu au embe mbili, uipeleke mwenyewe jioni kabla ya magharibi. Piga hodi mara tatu; wasipoitika, rudi zako, utakwenda kesho.

Doti mbili za kanga nakutumia kwa basi la Jumamosi, uzipokee stendi ya Mbezi. Ile nyeusi iweke karibu na mlango.

Mama yako