Kadi ya daraja: maswali ya mafundi wa Kigoma

Wiki hii maswali yote yanahusu kadi ya daraja la ithaneti, ile inayochomekwa kwenye multipleksa (mtambo unaopitisha njia nyingi kwenye laini moja) ili mtandao wa ofisi upite kwenye laini ya E1, laini ya kidijitali, pamoja na simu.

Shikamoo fundi. Nimefunga kadi Kasulu na nyingine Kigoma mjini. Taa ya ithaneti ni ya kijani pande zote, lakini kompyuta za upande wa pili hazijibu. Kadi ni mbovu?

Marahaba, mwanangu. Usiichomoe kwanza. Taa hiyo inakuambia waya kati ya kadi na swichi ni mzima, basi. Habari za Kasulu haizijui.

Angalia nafasi. E1 inabeba kilobiti 2,048 kwa sekunde, zimegawanywa katika nafasi 32 za kilobiti 64. Nafasi 0 ni ya kupanga fremu (fremu ni mzunguko mmoja wa nafasi zote 32), na 16 kwa kawaida hubeba ishara za simu. Ukilipatia daraja nafasi 1 hadi 8 huku, na mwenzako akalipatia 2 hadi 9 kule, hesabu ni ileile, kilobiti 512, lakini kinachofika ni vurugu tupu. Kama katikati kuna mtambo unaohamisha nafasi, fuata ramani yake.

Niliwahi kwenda Uvinza na kadi mpya kwenye begi. Kufungua mpangilio, nafasi ya 16 ilikuwa imetiwa kwenye daraja upande mmoja tu. Kadi nilirudi nayo haijatolewa hata kwenye mfuko wake. Tangu hapo namwomba mwenzangu anisomee namba moja moja kwa simu, nami naziandika kwa penseli kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Laini yetu inafanya kazi, ila makosa yanaongezeka taratibu kila siku. Hakuna kengele yoyote. Tufanyeje?

Dada yangu, tazama saa ya mtambo, ile inayopanga mwendo wa biti. Nahisi mitambo yote miwili inatumia saa yake ya ndani. Tofauti yake ni ndogo mno, lakini inajilimbikiza mpaka fremu inarukwa au inarudiwa. Kwenye simu utasikia mlio mdogo tu. Kwenye data, pakiti inatupwa. Upande mmoja uwe mwenye saa, wa pili uichukue kutoka kwenye laini.

Mlango wa kadi unaandika megabiti 100. Mbona faili la megabaiti 10 linachelewa hivyo?

100 ni za kutoka kadi hadi swichi. Kwenye nafasi 8, faili hilo linahitaji zaidi ya dakika 2 na nusu hata mambo yakienda vizuri. Likizidi sana hapo, kagua mlango: kadi ikilazimishwa kutuma na kupokea kwa pamoja huku swichi ikiachwa kwenye oto (ijichagulie yenyewe), swichi itaanza kutuma na kupokea kwa zamu, na migongano haitaisha.

Kila upande uwe na mtandao wake wa IP?

Hapana. Daraja linatazama anwani za MAC tu, yaani namba za vifaa vyenyewe, si anwani za IP. Tumieni mtandao mmoja. Mkitaka miwili, wekeni ruta.

Naweza kuweka daraja la pili kama akiba?

Unaweza, lakini washa kwanza itifaki ya kuzuia mizunguko, 802.1D, kwenye kadi zote, uhakikishe inafanya kazi, ndipo uchomeke waya wa pili. Bila hiyo, ujumbe mmoja wa kwenda kwa wote utazunguka kati ya madaraja hayo mawili na kujaza laini nzima, na hata kuufikia mtambo wa mbali kwa njia hiyo hutaweza.