Wanasikia, ila mpaka watu wawake

Mkuu hiyo ya kusema Twitch, ule mtandao wa kurusha video laivu (strimu), hawasikilizi maoni ya watumiaji mi siiafiki, Juni 2023 si walileta sheria mpya za matangazo, eti nembo ya mdhamini isizidi asilimia 3 ya skrini na video za tangazo zisichomekwe ndani ya strimu, mastrima (wanaorusha hizo video) wakawaka na kesho yake tu zikafutwa. Tegi nazo, yaani maneno ya kuitambulisha strimu ili watu waipate, hivyohivyo, watu waliomba sana ya waliobadili jinsia, Mei 2021 zikaongezwa zaidi ya 350, 2022 wakaruhusu kujiandikia zako mwenyewe mpaka 10. Kwenye lile tangazo la mwanzoni kabla hujaona chochote ndo nakuunga mkono kwamba linakera, strima asiporusha ya dakika 3 kila saa linakudaka tu mlangoni, na linakula bando vilevile.