Maswali ya Wasomaji: Katriji Tatu za Ami

SWALI: Assalaam aleikum, Ndugu Mshauri. Marehemu ami yangu alikuwa fundi wa kompyuta Mombasa, na aliporudi Lamu alikuja na minikompyuta ya PDP-11/23, kiendeshi kimoja cha diski cha RL02 na katriji zake tatu, kila moja pana kama sinia. Tangu hapo vyombo hivyo vimekaa ghorofani kwetu, vimefunikwa kwa kanga. Kibandiko cha katriji moja kinaonyesha kwamba ndani yake mna orodha ya maneno ya Kiamu aliyoikusanya kwa wazee. Fundi mmoja amenishauri niwashe mashine nijaribu, na katriji ikikataa kusomeka niifute kwa sumaku kisha niipange upya. Mwingine anasema kipo kifaa cha kisasa kinachoiga diski. Nimfuate yupi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu, na Mungu amrehemu ami yako. Fundi wa kwanza usimfuate hata hatua moja. Wa pili amesema kweli, ila kifaa hicho zamu yake ni mwishoni, data ikishatoka salama.

Nianze na sumaku, kwa kuwa ndiyo yenye hasara isiyorudi. Diski nyingi za zamani zikifutwa, mashine yenyewe huweza kuzipanga upya. RL02 haiko hivyo. Alama zinazokiongoza kichwa cha kusomea kufuata duara lake ziliandikwa kiwandani, kwenye uso ule ule unaobeba data, na kiendeshi hakina uwezo wa kuziandika tena. Ukipitisha sumaku, maneno ya wazee yatapotea na katriji yenyewe haitafaa tena kwa kazi yoyote.

Kuhusu kuwasha, fahamu kwamba sahani ya diski iliyomo ndani ya katriji huzunguka mara 2,400 kwa dakika, na vichwa huelea juu yake kwa utando wa hewa mwembamba kuliko unywele. Kwetu pwani, chumvi na unyevu huingia kila mahali, na sponji zilizowekwa ndani ya viendeshi vya zamani ili kuchuja hewa huoza kwa umri. Niliwahi kuigusa moja ikamomonyoka vidoleni kama kashata iliyolowa maji. Unga wa namna hiyo ukipulizwa juu ya sahani, vichwa hujikwaa na kukwaruza. Mimi mwenyewe niliharakisha mara moja, nikasikia mkwaruzo mwembamba kama wa msumari juu ya bati, na nilipozima nikakuta duara la kahawia limechorwa juu ya sahani. Kilichokuwa katika duara lile hakikurudi, na mpaka leo kinaniuma.

Kwa hiyo ngoja kaskazi, siku zikiwa kavu. Toa sponji zote zilizooza, safisha tundu la katriji, kisha vipanguse vichwa kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Fungua kifuniko cha chini cha katriji, uiangalie sahani kwa tochi iliyolazwa ubavu, maana mwanga wa juu huficha kuvu. Umeme wa mashine upime bodi zikiwa zimetolewa, nawe usizirudishe mpaka volti 5 na volti 12 zitulie. Anza na katriji unayoithamini kidogo kuliko zote, na ile ya Kiamu iwe ya mwisho.

Utakaposoma, bonyeza kwanza kitufe cha kuzuia kuandika kilichoko mbele ya kiendeshi, wala usiiwashe mashine kupitia diski hiyo. Iko programu ya Jörg Hoppe iitwayo PDP11GUI, ambayo hutumia mlango wa siriali kupeleka programu ndogo ndani ya kumbukumbu ya PDP-11, na hiyo ndiyo inayosoma diski sekta kwa sekta, yaani kipande kwa kipande cha kila duara, bila kuhitaji mfumo wowote wa uendeshaji. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, yaani takriban baiti 960, katriji moja itachukua saa tatu na zaidi. Usiondoke, kaa uisikilize, na sauti ikibadilika uzime.

RL02 ina nyuso mbili, kila uso una duara 512, kila duara lina sekta 40, na kila sekta ina baiti 256, kwa hiyo faili lako kamili lazima liwe na baiti 10,485,760. Likipungua, kuna kilichoachwa. Duara la mwisho kabisa hubeba namba ya katriji na orodha ya sekta mbovu. RT-11, mmoja wa mifumo ya uendeshaji ya PDP-11, hauonyeshi duara hilo kwa mtumiaji, na ndiyo sababu napendelea usomaji wa sekta kwa sekta kuliko kunakili mafaili. Kiendeshi kikisoma bila kulalamika, soma mara ya pili, ulinganishe alama za SHA-256 za nakala zote mbili, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili; zikifanana, nakala ni sawa.

Hapo sasa ndipo kifaa cha kuiga kinapoingia. QBone, ambayo pia ni kazi ya Hoppe, ni bodi inayochomekwa katika Q-bus, yaani njia inayounganisha bodi za PDP-11/23, ikiwa na kompyuta ndogo ya BeagleBone Black. Inaiga kidhibiti na kiendeshi kwa pamoja, na mashine ya ami yako itasoma faili lililoko kwenye kadi ya kumbukumbu ikiamini kwamba inazungusha sahani. Kiendeshi cha kweli kizime, vichwa vyake uvifunge. Ukitaka tu kuiona orodha kabla ya kununua bodi, programu ya SIMH iliyoanzishwa na Bob Supnik, inayoiga kompyuta za zamani, italifungua faili hilo hilo kwenye kompyuta ya kawaida, lakini programu hiyo uipe nakala, asili usiiguse.

Kabla ya yote haya, vipige picha vibandiko vya katriji zote tatu. Wino wa zamani hutoka kwa tone moja la spiriti, na mwandiko wa ami yako kwenye karatasi ile haumo ndani ya baiti zozote.