Usimfungue mbwa kwenye mawe ya volkano

Wenye mbwa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, huniuliza namna ya kumzoesha mbwa safari ndefu ya miguu, na karibu kila mara swali la kwanza ni chakula. Chakula ni jambo dogo. Ningependa waanze na kamba. Nimetembea upande wa mji mdogo wa Sake na mbwa wangu Tigre kwa miaka sasa. Ni mtiifu, ukimwita mara moja anakuja, na bado sijawahi kumfungua akiwa juu ya mawe ya volkano.

Kutoka mjini hadi Sake ni kama kilomita 25. Njia inapita juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na volkano za Nyiragongo na Nyamulagira vizazi na vizazi. Moto wa Nyamulagira wa 1938 hadi 1940 ulishuka mpaka ukaingia Ziwa Kivu karibu na Sake. Mvua kwetu si haba, lakini mawe haya yana matundu, maji yanazama papo hapo, na kabla hujaikaribia Sake usitegemee kijito cha kumnywesha mbwa. Ni jangwa linalonyeshewa.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote haionekani kwa macho. Mazuku, kila aliyekulia Mugunga au Bulengo ameonywa nayo na wazazi: ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo na mashimo. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala chini. Unaweza kusimama ukingoni mwa shimo unaongea na mwenzako bila shida yoyote, kumbe pua ya mbwa wako iko ndani ya gesi. Ndiyo maana mbuzi na mbwa hutangulia kufa, na ndiyo maana watoto wadogo nao wako hatarini kuliko sisi wakubwa.

Ukikuta ndege, mijusi au wadudu wamekufa pamoja bondeni, usisogee kuchungulia, geuka. Mbwa akianza kuhema ghafla bila kukimbia, au miguu ya nyuma ikilegea, mvute juu saa hiyo hiyo. Nasema mvute. Usishuke kumchukua hata kama ni mbwa unayempenda kama mtoto wako. Anayeinama kumbeba mbwa anaingiza pua yake mwenyewe kwenye gesi, na watu wameshakufa kwa kwenda kumwokoa aliyeanguka. Mbwa mwenye kamba ya mita 4 au 5, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani na si shingoni, unaweza kumtoa ukiwa umesimama mahali pa juu. Asiye na kamba utabaki unamtazama.

Hapo linakuja suala la saa ya kuondoka, na hapa joto na mazuku havipatani. Joto linakutaka utoke alfajiri. Mazuku inakutaka usubiri, maana usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia, gesi hujaa mabondeni. Jua likipanda na upepo ukianza, hutawanyika. Mimi hutoka mjini alfajiri, lakini nabaki kwenye barabara kuu wanakopita watu, na sehemu za chini, zile za karibu na ziwa dogo la Lac Vert na Bulengo, sizikaribii mpaka nisikie upepo usoni. Adhuhuri inikute kivulini. Siku isiyo na upepo kabisa, sehemu hizo naziacha, hata kama mgeni niliye naye amekuja kuziona.

Joto lenyewe linadanganya. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nzuri, na mtu aliyevaa viatu hasikii kitu. Weka mgongo wa mkono juu ya jiwe jeusi saa za mchana, uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Ulimi ukiwa mwekundu mno, mate yakiwa mazito, akianza kuyumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji tumboni na miguuni, mpepee, umpe kunywa kidogo kidogo. Usimfunike kitambaa kilicholowa na kumwacha nacho. Joto linakwama chini yake.

Mbwa wa kilo 20 hunywa kama lita moja kwa siku akiwa nyumbani tu. Safarini mbebee mara mbili yake, mbali na maji yako. Kitako cha bidoni (dumu) kuukuu kinatosha kuwa bakuli.

Nyayo ndizo kazi ya kila siku. Ganda la mawe haya linakatika vipande vyenye makali ya kioo, na kipande kidogo kikiingia kati ya vidole mbwa ataendelea kutembea, atakuwa anaramba tu mguu mkipumzika. Usipuuze huko kuramba. Tanua vidole kimoja kimoja, pitisha kidole chako katikati, kisha osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Kuna watu wanaopaka kidonda cha mbwa mafuta machafu ya injini. Tafadhali acheni, mbwa anayalamba na ni sumu. Fundi wa viatu anaweza kukushonea viatu vinne vya kitambaa cha jinzi vyenye soli ya mpira wa gurudumu la pikipiki. Mzoeshe nyumbani kwanza, na mvue kila mnapopumzika, kwa sababu mguu unapata moto humo ndani.

Kamba ina kazi nyingine mbili. Vita vimeacha mabomu ambayo hayajalipuka, na mbwa aliye huru huchimba na kuokota chochote. Usitoke kwenye njia iliyozoeleka, na kabla ya safari uliza wanaotoka huko asubuhi hiyo njia ikoje. Halafu kuna watu. Mama aliyebeba mzigo kichwani na mtoto mgongoni hana namna ya kumkimbia mbwa wako. Mvute kando, msimame, umpishe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai, na karatasi yake uwe nayo. Mbwa mwingine akikuuma njiani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Na chakula, kwa kuwa mtauliza tu: bugali kidogo na sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, jioni, mkishafika. Usimshibishe kisha ukamtembeza.

Mtoto wa mbwa, mbwa mzee na mwenye pua fupi wabaki nyumbani. Mwingine yeyote akikaa chini na kukataa kuendelea, usimburute, wala usimtishe kwa fimbo. Weka akiba ya pesa kwa ajili ya siku hiyo: simamisha mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mpatane bei, mtandikie mbwa gunia, apande.