Jibu: Nimetoka Wete kusoma uhandisi Unguja, nimefeli mtihani wa kwanza

Waalaykumu salaam mdogo wangu. Umesema skuli ulikuwa wa kwanza kwa hisabati, na sasa umepata 31 kwenye mekaniki (somo la nguvu na mwendo), unafikiria kurudi Pemba. Usirudi. Mwaka wa kwanza nami yalinikuta hayo hayo.

Skuli tulizoea kukariri njia ya swali. Huku swali linageuzwa. Kabla hujagusa fomula, kichore kitu peke yake, kisha weka kila nguvu inayokigusa: uzito, mkazo wa kamba, msukumo wa sakafu. Mshale mmoja ukisahaulika, hesabu yote imeharibika. Halafu pimia momenti (uwezo wa nguvu kuzungusha kitu, yaani nguvu mara umbali wake) kwenye nukta zinapokutana nguvu nyingi usizozijua. Umbali wa nguvu hizo hapo ni sifuri, basi zinajitoa zenyewe kwenye hesabu. Hilo lilinikaa kichwani siku niliyosimama Malindi ya Unguja nikitazama mlingoti wa jahazi na kamba zake zinavyokutana juu.

Fanya maswali jioni ya siku ile ile ya somo, japo mawili. Mwalimu mfuate ofisini, usione haya. Na kwenu piga simu mara kwa mara, maana upweke nao unakula akili.

Tuandikie hapa swali moja ulilokosa pamoja na hatua zako, nikuoneshe ulipoteleza.