Kabla hujawasha vespa ya kukodi Unguja

Juma lililopita dada mmoja wa Mwanza aliniandikia kwamba anafunga ndoa mwezi ujao, kwamba yeye na mchumba wake wamechagua Unguja kwa fungate, na kwamba wanataka kukodi vespa ili wasitegemee teksi kila wanapotaka kutoka hotelini. Aliuliza kama ni uamuzi mzuri. Nilimjibu kuwa ni mzuri, kisha nikaona kwamba jibu hilo lilikuwa nusu ya ukweli, na naamini wengi mnaonisoma mna hamu kama yake.

Agosti mwaka jana mke wangu na mimi tulishuka botini Malindi, bandari ya Mjini Unguja, tukiwa na haraka ya kufika Paje, takriban kilomita 50 kutoka mjini. Kijana aliyetukodisha vespa alikuwa mchangamfu, akamwita mke wangu shemeji, akataja shilingi 40,000 kwa siku, na akaomba kitambulisho changu cha taifa kibaki kwake kama dhamana. Nilitia saini karatasi ambayo sikuisoma. Sikukizunguka chombo hata mara moja, sikubonyeza breki, na leseni yangu wakati huo ilikuwa ya daraja D, yaani ya gari dogo, ambayo haimpi mtu ruhusa ya kuendesha chombo cha magurudumu mawili.

Tulipofika Jozani, barabara inapoingia katika kivuli cha miti mikubwa, tulikuta matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, wale kima wekundu wa Unguja ambao huvuka barabara kwa makundi. Kundi moja lilikuwa linavuka, kima jike mmoja akiwa na mtoto aliyemshikilia tumboni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba breki ya mbele ilikuwa haishiki. Tulisimama kwa breki ya nyuma peke yake, karibu sana na wale wanyama, na mpaka leo nikiikumbuka sekunde ile moyo hunienda mbio.

Baada ya Kitogani upepo wa kusi ulitupokea na nikasahau yote, kwa kuwa saa ile ilikuwa tamu kuliko zote za safari. Kisha tukaiacha lami na kuingia njia ya hotelini, yenye mawe ya matumbawe na mchanga laini kama unga. Gurudumu la mbele likazama, tukaanguka kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ekzosi ikamchoma mke wangu kwenye shavu la mguu. Kovu lile bado lipo.

Siku ya kurudisha hatukumkuta yule kijana. Mtu mwingine alikizunguka chombo taratibu, akagusa mkwaruzo wa ubavuni, ambao niliukiri kuwa wangu, kisha akaonyesha ufa wa taa ya nyuma na kioo cha pembeni kilicholegea, vitu ambavyo hatukuvigusa kabisa. Alidai shilingi 180,000. Boti ilikuwa inaondoka saa kumi, kitambulisho changu kilikuwa ndani ya droo yake, na sikuwa na picha hata moja ya kuthibitisha neno langu. Nililipa. Fedha nimekwisha kuzisahau, lakini kuitwa mwongo mbele ya mke wangu sijakusahau.

Ndugu zangu, mtu hushinda au hushindwa katika dakika 15 za kwanza, kabla ufunguo haujazungushwa. Februari mwaka huu tulirudi, nikiwa nimekwisha kupata leseni ya daraja A, yaani ya pikipiki, na nilirekodi video ya vespa kuanzia taa ya mbele hadi tairi ya nyuma huku mwenye mali akitaja kwa sauti yake kila mkwaruzo uliokuwapo. Nilikataa kuacha kitambulisho, nikaacha nakala yake pamoja na shilingi 100,000 zilizoandikwa kwenye risiti. Niliuliza bima ni ipi, kwa maana bima ndogo hulipa madhara ya wengine na haitengenezi chombo wala mguu wako. Nilijaribu breki zote mbili uchochoroni, nikazikataa kofia ngumu mbili ambazo mikanda yake haikufunga. Mke wangu alivaa suruali ndefu.

Jioni moja tulichelewa kutoka Kizimkazi, nami sitarudia, kwa sababu giza linapoingia unakutana na gari la ng'ombe na baiskeli zisizo na taa. Siku ya kurudisha, mwenye mali alianza kuulizia mkwaruzo wa kifuniko cha mbele. Nilimfungulia video, akaisikia sauti yake mwenyewe ikiutaja, na shilingi 100,000 zangu zilirudi mkononi kabla hajamaliza kuitazama. Niliona fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Kwa hiyo, dada yangu wa Mwanza, muulize mchumba wako leo ana leseni ya daraja gani. Kama hana ya pikipiki, pandeni daladala ya Jambiani, ambayo hupita Paje, na vespa iwe ya safari ya pili. Kama anayo, kodini, na mkifika pale lami inapoishia, wewe shuka utembee, naye aisukume vespa mpaka mlangoni.